Herufi Ishirini na Moja

4 Februari

Wifi yangu,

Hamjambo huko nyumbani? Sisi tu wazima, ila kaka yako ameumwa jino wiki nzima, na sasa jirani wa kushoto na wa kulia wote wanalijua hilo jino kwa undani. Mwambie mama dawa yake ya magoti nimeipata, nitaituma na mtu wa uhakika. Asiache kutembea asubuhi hata kama anasingizia baridi.

Sasa nikupe la kwangu, maana nikikaa nalo zaidi nitapasuka. Nimemaliza kuisoma!

Unakumbuka zile nyanya nilizokueleza, zinazokunja majani na kufa matunda yakiwa bado mabichi? Ndani ya majani yale mna kirusi, na ndani ya kirusi mna uzi mmoja mwembamba uitwao RNA. Uzi huo ndio maagizo yake yote. Umeandikwa kwa herufi nne tu, A, U, G na C. Kila herufi ni kipande kimoja cha uzi, sisi tunakiita nukleotidi, na jinsi vilivyopangana ndiyo siri yenyewe. Miezi kumi na minne nimeinama juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, rula mkononi, nikisoma filamu nyeusi yenye vistari mithili ya ngazi iliyovunjika. Kuna safu nne, kila safu na herufi yake. Unaanzia chini unapanda: kistari kiko safu ya tatu, andika G, kinachofuata kiko safu ya kwanza, andika A. Ukipiga chafya umepotea, rudi chini.

Nimeulinganisha na kila kilichopo kwenye maktaba yetu, karatasi kwa karatasi, kwa macho yangu mwenyewe. Haufanani na chochote. Ni kirusi kipya, wifi. Mkubwa wangu wa maabara, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa kipimo, alinishika mkono mbele ya wenzangu wote.

Barua ya mama ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu. Najua anasema yeye na unaandika wewe. Pale alipokuambia uandike kwamba anataka herufi za mkwe wake azitundike sebuleni, mwandiko wako umelala chali kabisa, nikacheka mpaka kaka yako akauliza kulikoni. Basi nakuwekea humu mstari wa kwanza, herufi ishirini na moja:

UCAGGGG UGAUCCG GUAAGUC

Si wewe ndiye fundi wa herufi? Zipange kubwa kubwa, uzichape kwenye karatasi nene, mtu akiingia tu azione.

Wifi yako, wa nyanya

23 Februari

Wifi,

Barua imefika, na bahasha umeibandika gundi mpaka nimeikata kwa kisu cha karatasi. Mama hajambo. Anatembea asubuhi, kweli, lakini anatembea hadi kwa jirani kumwambia habari zako halafu anarudi kupumzika. Kaka mwambie ang'oe jino. Tangu utotoni anapenda kuugua mbele ya watu.

Hongera. Nimeandika hongera, na unaujua mwandiko wangu, kwa hiyo hutahitaji kuniuliza kama imetoka moyoni.

Acha nikueleze kazi yangu ya katibu ilivyo. Mama anakaa kwenye kiti chake, mimi nakaa mezani na kalamu. Anasema, "Andika: Profesa wangu." Nasema, "Mama, si profesa bado." Anasema, "Wewe andika." Naandika. Anasema, "Andika: hakuna mwanamke katika ukoo huu aliyefika ulipofika." Mwanamke wa ukoo huu yuko hapo mbele yake ameshika kalamu, lakini basi, naandika. Pale ukutani unapotaka herufi zako zitundikwe kuna picha yangu ya siku ile niliyopata zawadi ya hesabu. Ameshaitoa. Ameiweka juu ya kabati, kifudifudi ili isiingie vumbi.

Nina wivu, wifi. Nalisema mchana kweupe ili usije kusema uliligundua mwenyewe kwa darubini. Tulikaa dawati moja miaka minne. Baba alipofariki kiwanda cha chapa kikanipa kiti chake, na mwalimu mkuu, kwa kuwa nafasi yangu ya chuo isingekaa bure, akapeleka jina lako. Ukaja nyumbani kuazima vitabu vyangu, ukaondoka na kaka yangu. Sasa umefika kwenye ukuta. Kuna kingine umekiona hapa ndani unakipenda?

Nazipanga herufi zako, usihofu. Ila mstari mmoja utampendeza nani? Mama anataka kitu cha kujaza ukuta. Leta ukurasa mzima. Na unieleze zinasomwaje, maana anayekuja kuniuliza nimjibu nini? Sitaki kusimama chini ya fremu kama askari wa benki.

Wifi yako, wa risasi na wino

12 Machi

Wifi yangu mwenye maneno,

Kaka yako ameng'oa jino na amelihifadhi kwenye kibiriti. Barua yako ameisoma kwa sauti, akacheka mpaka shavu likamuuma upya. Za kwangu hajawahi kuwasomea watu, hata zile za uchumba. Haya, tuyaache.

Kuhusu nafasi ya chuo tulishazungumza tukiwa wasichana, na sidhani barua ni mahali pake.

Umeuliza zinasomwaje. Nitajaribu kukueleza kwa lugha nyepesi. Herufi hizi zina wenzi wao. A mwenzi wake ni U, G mwenzi wake ni C, na hawaachani. Sasa, RNA yenyewe hairuhusu kusomwa moja kwa moja, ni laini mno, ukiigusa kwa mkono usio na glavu inakatika. Kwa hiyo tunatengeneza nakala yake. Nakala inajengwa na wenzi: penye G kwenye uzi, nakala inaweka C, penye A inaweka mwenzi wa A, na inaanzia mkiani kuja kichwani. Hiyo nakala ndiyo inayotoka kwenye filamu. Nakala ina T pahali ambapo RNA ingekuwa na U, kwa hiyo popote filamu iliponionyesha T mimi nimeandika U. Baada ya hapo una RNA yako safi.

Nimekuwekea ukurasa mzima kama ulivyotaka, herufi mia tatu na kumi na tano. Usijisumbue sana na maana yake, wifi, haya mambo yanahitaji miaka. Wewe panga tu.

Mkutano mkuu wa watafiti wa mimea utakuwa tarehe 18 Juni. Nimepewa dakika ishirini za kusema peke yangu mbele ya ukumbi. Nimeanza kufanya mazoezi jikoni; kaka yako ndiye ukumbi.

Msalimie mama sana. Mwambie ukuta usipakwe rangi mpaka nije kuuona.

Wifi yako

6 Aprili (hii haikutiwa kwenye bahasha)

Wifi,

"Wewe panga tu." Nimeyabeba maneno hayo wiki mbili, kazini na nyumbani, na leo nimeyapanga kama ulivyoagiza.

Hujui kazi yangu, ndiyo maana unaandika hivyo. Mpanga herufi hasomi kama nyinyi. Herufi ya risasi ikiwa ndani ya fremu ya chuma inakutazama kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi nasoma hivyo hivyo kama kawaida miaka kumi na sita sasa. Nikisoma gazeti lenye herufi zilizokaa sawa ndipo macho huchoka.

Pia hujui kwamba makasha yetu yana C kubwa chache sana. Lugha yetu C haina kazi nayo mpaka H imshike mkono. Miaka miwili iliyopita chuo kimoja cha kilimo kilituletea jarida lake, na ndani yake mlikuwa na ukurasa wa herufi nne hizi hizi, habari za kirusi cha maharagwe. Kiwanda kizima kilinung'unika. Tulipofika mstari wa mwisho C zikaisha. Nikachukua G nne, nikazikata ulimi kwa tupa, moja moja, zikawa C. Mstari ule ulimalizika hivi: CCCCUGA. Nisingeusahau hata ningetaka, nina kovu la tupa kwenye kidole gumba.

Leo nilikuwa napanga mstari wako wa kwanza. Nikafika kwenye G nne mfululizo, mkono ukasita. G nne, kama zile nilizozikata ulimi. Nikajiambia, huyu si amenieleza habari za wenzi? Nikaweka kila mmoja na mwenzake chini yake:

UCAGGGG UGAUCCG GUAAGUC
AGUCCCC ACUAGGC CAUUCAG

Halafu nikausoma ule wa chini kutoka kulia, kama ninavyosoma kila siku:

GACUUAC CGGAUCA CCCCUGA

Nilikwenda stoo. Lile jarida liko pale, nakala karibu zote bado zimefungwa kamba, chuo kilichukua chache tu, ndiyo maana maktaba yenu haina. Nikakaa chini na ukurasa wako wote, nikawabadilisha wenzi, nikageuza mkia ukawa kichwa. Kati ya herufi mia tatu na kumi na tano zimetofautiana nne. Nne tu!

Umesoma nakala, wifi, ukaiita uzi. Ulibadilisha T kuwa U ukadhani umemaliza, ukasahau kuwageuza. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba nakala ni wenzi na inaanzia mkiani, kwa mwandiko wako mzuri, ukaniambia nisijisumbue na maana. Kirusi chako kipya ni kirusi cha maharagwe kilichohamia kwenye nyanya, na mimi ndiye niliyekichapa kabla hujakisikia.

Nimecheka peke yangu stoo. Kisha nimelia kidogo, sijui kwa sababu gani. Hesabu hii ndiyo niliyokuwa nikiiweza.

7 Aprili

Wifi mpendwa,

Huku kwema. Mama amepata nafuu ya magoti na dawa imefika, anashukuru. Mvua imevujia stoo ya kiwandani, tumeshinda tukihamisha karatasi.

Fremu yako haijakamilika. Kuna herufi zimepungua kwenye kasha, nazitafuta.

Nilitaka kuuliza tu: una hakika hakuna mwingine aliyeiona kabla yako? Mimi sijui mambo hayo, nauliza kwa niaba ya mama.

Wifi yako

10 Mei

Wifi yangu,

Samahani kwa kimya. Tangu Aprili sina hata nafasi ya kuchana nywele. Kaka yako amejifunza kupika, na mengine sisemi, asije akaisoma hii kabla sijaifunga.

Mwambie mama nina hakika, tena ya asilimia mia. Amenichekesha kuuliza hivyo, ana akili kuliko nusu ya watu wa hapa. Au ni wewe uliyeuliza? Mwandiko safari hii ulikuwa umesimama wima kama shahidi wa kulipwa, sikuuzoea.

Sasa kaa kitini. Anayegundua ndiye anayetoa jina. Mkubwa wangu alipendekeza majina ya kitaalamu, nikakataa yote. Nimeamua kirusi kitaitwa kwa jina la mama. Nitalitamka pale ukumbini tarehe 18 na kuanzia siku hiyo litaandikwa kwenye vitabu. Nimeshamwandikia mwenyewe kwenye kikaratasi cha pembeni, msomee kwa sauti. Natamani ningemwona uso.

Nikuambie jambo, kwa kuwa wewe ulitangulia kutaja wivu? Mama ananiita Profesa, ananisifia kwa majirani, ananitundika ukutani. Lakini ule mwezi niliokuja kumuuguza wewe ukiwa safarini, homa ilipompanda aliita jina lako. Usiku na mchana, jina lako. Nilipomshika mkono aliufungua akautazama, akauachia. Mimi wa kwenye ukuta, wewe wa kwenye mkono. Sijawahi kumwambia mtu.

Njoo mkutanoni kama kiwanda kitakupa ruhusa. Kama hutaweza, niombee nisitetemeke sauti.

Wifi yako

2 Juni

Wifi,

Mama hajambo. Kikaratasi nimemsomea. Akauliza, "Ugonjwa wa nyanya utaitwa jina langu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi wakulima watakuwa wananitukana kila msimu." Halafu akaenda kwa jirani kumweleza, amevaa khanga mpya. Kwa hiyo huwezi kujua kama ameudhika au amevimba kichwa. Mimi nadhani yote mawili.

Nakuandikia jambo moja, naomba usome ukiwa umekaa. Nimekuwekea humu ukurasa wa jarida la chuo cha kilimo tulilolichapa sisi miaka miwili iliyopita, habari za kirusi cha maharagwe. Chukua ukurasa wako. Badilisha kila herufi kwa mwenzi wake, kisha soma kutoka mwisho. Anza na mstari wako wa kwanza uone utakavyotua kwenye mstari wao wa mwisho, herufi kwa herufi. Nimeifanya kazi hiyo kwa ukurasa mzima mara tatu, kwa penseli, na karatasi zangu zimo humu pia.

Ulichosoma ni nakala. Hukuigeuza.

Usiende kutangaza jina la mama tarehe 18. Ukienda, atakayekuja kukusahihisha baadaye hatakuwa wifi yako.

Nimeliona hili tangu Aprili. Sitaki unikute na uongo siku nyingine, kwa hiyo nimelisema sasa.

Wifi yako

4 Julai

Wifi,

Natumaini mama anaendelea vizuri na wewe pia. Huku mvua zimekwisha. Kaka yako yupo, hasemi sana siku hizi, ananipikia chai bila kuombwa.

Barua yako niliipata. Wewe ni mwenye macho, na nisingekuwa na haki ya kusema vinginevyo.

Tarehe 18 nilisimama. Nilisema kirusi ni kipya, nikatamka jina la mama, wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kamati alinyoosha mkono, nikadhani amekwisha kuona; aliuliza tu kama jina hilo ni la mto wa huko kwetu.

Tarehe 20 nilikwenda kwa mkubwa wangu na karatasi zako za penseli. Alicheka mwanzoni. Akauliza nani amefanya hii, nikamwambia wifi yangu, mpanga herufi. Akacheka tena. Kisha akachukua kalamu akaanza kugeuza mwenyewe, na kufikia mstari wa tano alikuwa amevua miwani. Tangazo limefutwa kwa barua ya kurasa mbili niliyoisaini mimi. Jina la mama limeondolewa. Wenzangu wananisalimia kwa upole ambao sitaki kuuelezea.

Lakini sikiliza lililobaki. Mkubwa anasema kirusi kimoja kuhama kutoka maharagwe hadi nyanya ni habari kubwa kuliko kirusi kipya. Watu wamekuwa wakipanda maharagwe katikati ya mistari ya nyanya ili kurutubisha udongo, kumbe ndivyo wanavyoziua. Wataambiwa watenganishe kabla ya msimu ujao. Tutaandika upya, na nimesema jina lako liwemo. Litakuwa la pili, baada ya langu. Amekubali.

Nina swali moja tu. Barua yako umeiandika tarehe 2 Juni. Muhuri wa posta kwenye bahasha ni wa tarehe 9. Kutoka mezani kwako hadi posta ni mwendo wa dakika kumi, nimeutembea. Na namba ya simu ya maabara iko nyuma ya kila bahasha ninayokutumia. Hizo siku saba zilikuwa wapi?

Wifi yako

20 Julai

Wifi,

Mama ni mzima. Nimemwambia jina lake limeondolewa, akasema afadhali, kisha akashinda na huzuni siku mbili. Nimerudisha picha yangu ukutani mwenyewe, na sikupata furaha niliyoitegemea.

Siku saba zilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

Niliifunga barua tarehe 2 nikiwa na nia njema, amini au usiamini. Nikavaa aproni na barua mfukoni, niende posta. Nikapita mbele ya posta. Kila siku niliivaa, kila siku nikapita. Simu iko mezani kwa mkubwa wa kiwanda, na mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Nilikuwa nikipanga herufi huku nikiisikia bahasha inanichoma tumboni. Nilikuwa nakuona umesimama ukumbini unasema uongo ambao mimi peke yangu nilijua ni uongo, na moyo wangu ulikuwa unapata raha ambayo haujawahi kuipata tangu siku mwalimu mkuu alipolifuta jina langu akaandika lako.

Barua kutoka hapa kwenda kwako huchukua siku tisa. Wewe unajua, mimi najua. Tarehe tisa nikaongeza tisa, nikapata kumi na nane. Tarehe tisa hiyo ndipo nilipoiingiza kwenye sanduku. Nilitaka iwe nimeituma, na isiwe imefika. Nilitaka uaibike, na mimi nibaki mwema.

Jina langu la pili liondoe. Silistahili, na nikiwa mkweli zaidi, la pili nisingelifurahia. Mama hajui. Ukitaka kumwambia, mwambie. Akinitaka niandike barua ya kunilaani mwenyewe nitaiandika, kazi hiyo nimeizoea.

Dada wa mume wako

2 Agosti

Wifi yangu,

Kaka yako ameniuliza mbona sijala tangu jana. Nimemwambia nina barua ya kuandika, akanifungia mlango taratibu.

Nitalisema haraka kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri. Hesabu yako ni sahihi, siku tisa, miaka yote niliyoishi hapa ni siku tisa. Safari hii posta ilichukua nane. Barua yako ilifika tarehe kumi na saba, kabla ya adhuhuri. Niliisoma nimesimama kwenye mlango wa maabara. Nikachukua penseli, nikawageuza wenzi kama ulivyonielekeza, na kabla sijamaliza mstari wa pili nilikuwa nimejua.

Nilikuwa na siku nzima. Mkubwa wangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, namsikia anakohoa.

Angekuwa ameniandikia mtu mwingine yeyote, mzee wa kamati, mgeni nisiyemjua, ningekwenda mbio kumshukuru. Lakini ulikuwa wewe. Miaka kumi na sita nimeikalia nafasi yako nikiogopa siku utakayonionyesha kwamba bado ni yako, na siku hiyo ikaja kwa bahasha, kwa penseli, bila hata darubini. Nikaona afadhali niseme uongo mbele ya ukumbi mzima kuliko kukiri kwamba umeniona.

Jina lako litakuwa la kwanza, na la kwangu ama la pili ama lisiwepo, uamue wewe. Niliposimama tarehe kumi na nane barua yako ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa begani.